Kiti cha Katikati

Siku Saumu asipopanda, kamioneti ya Yunusu ililia kutoka mji wa Baraka mpaka Fizi. Injini ilipiga mayowe kwenye tambarare, gia ya pili bado imeng'ang'aniwa. Siku Saumu akipanda na vikapu vyake vya ndagala, wale dagaa wa ziwani, gari hilohilo, na dereva huyohuyo, Mutambo, lilipokea gia zake kwa wakati, laini kama mtu anayemeza uji.

Baraka nzima iliona. "Mutambo bila bibi ya Lukmani hajue kuendesha!" walitania sokoni. Lukmani, mume wa Saumu, alicheka nao.

Lisemwalo lipo. Asubuhi moja alikwenda kujionea. Kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu, na upepo wote wa ziwa ukipita bure. Mkewe alikuwa amejibana katikati, ubavu kwa ubavu na dereva. Na huyo Mutambo, mcheshi wa zamani, tangu malaria ilipomlaza mwezi mzima hakumsalimia tena mwanamume yeyote. Lakini Saumu akisema neno, alimkodolea macho midomoni.

Jioni Lukmani alimkabili mkewe.

"Juu ya nini unaikalaka katikati?"

"Kuko neno siwezi kukuambia," Saumu alijibu. "Nikikuambia leo, kesho iko kwa Yunusu mwenye gari, na mutu atafukuzwa kazi. Munachezaka naye karata kila siku, na kinywa yako haina kifuniko."

"Basi ni mapenzi."

"Ni huruma, Baba Shabani."

Huruma! Lukmani aliijua huruma ya namna hiyo inavyoanza. Siku ya soko iliyofuata alipanda yeye mwenyewe, akamsogeza mkewe mlangoni, akakalia kiti cha katikati. Moyoni alikwisha kata shauri: akiona ishara moja tu, angemtamkia talaka mbele ya soko zima la Fizi.

"Jambo, citoyen Mutambo."

Mutambo alikuwa akiangalia barabara. Hakujibu.

"Umeona dharau?" Lukmani alimwambia mkewe.

Gari likaondoka. Gia ya kwanza, ya pili, halafu basi. Injini ikaguna, ikalalamika, ikaanza kupiga mayowe. Hata mtoto anajua kwamba gari likilia hivyo linaomba gia ya juu. Mutambo aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa iliyopinda, mkono hausogei. Lukmani akaelewa mara moja: mtu kanyimwa mpenzi wake, sasa hasira anaimalizia kwenye gari.

"Badirisha vitesi! Weka ya tatu!"

Mutambo akaimba.

"Chauffeur, utatuua!" bamama waliokaa nyuma walipiga paa kwa ngumi. Mvuke ukaanza kutoka mbele ya kioo.

Lukmani hakuweza kuvumilia tena. Aliinama mpaka kinywa chake kikakaribia sikio la dereva, akapiga kelele kwa nguvu zote alizopewa na Mungu: "Unapenda bibi yangu? Sema!"

Nyuma, ngumi ziliacha kupiga paa. Mutambo hakupepesa jicho. Aliimba ubeti wake mpaka mwisho, kwa furaha, kama mtu aliye peke yake shambani.

Lukmani akamgeukia mkewe, neno la talaka likiwa ulimini. Saumu hakumtazama. Alikuwa amenyoosha mkono kupitia mbele ya tumbo la mumewe, akijaribu kumfikia dereva, na mkono haufiki.

"Basi umuguse we," alisema. "Ku goti. Ukimugusa mara moja, ataweka ya tatu."

Lukmani akalitazama lile sikio alilokuwa amelipigia kelele. Kisha, polepole, akaweka kiganja chake juu ya goti la Mutambo.

Gia ya tatu ikaingia, laini. Barabara iliponyooka, Lukmani akaligusa goti tena, bila kuambiwa.