Dereva Hakufunga Kamba

Fundi aliandika sentensi ileile kwa mara ya tatu: Dereva hakufunga kamba. Mara mbili za kwanza herufi zilimpindia, akachana karatasi. Safari hii herufi zilikaa sawa. Akaweka nukta.

Dereva alikuwa binti yake.

Mkaguzi wa vyombo vya majini alitaka maelezo mawili kabla ya saa nne asubuhi: ya fundi aliyeihudumia boti, na ya abiria aliyenusurika. Kwamba fundi alikuwa pia baba, na abiria alikuwa mume, fomu haikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Mkwe alikuwa ameketi ng'ambo ya meza ya karakana, mkono wa kushoto ukiwa kwenye plasta. Hakuwa ameandika hata neno.

"Alifunga, baba," alisema bila kuinua macho. "Nilimwona."

"Mwanangu, tusirudi huko."

"Aliivuta mara mbili kuhakikisha. Tena akanitania, akasema, 'Nisipoifunga, mzee ataamka huko aliko aje anikemee.'"

Fundi alikaribia kutabasamu. Hayo yalikuwa maneno yake kabisa. Nyumbani walimwita binti huyo Kimulimuli tangu alipoanza kutambaa, maana ulimwona hapa, ukipepesa macho yuko kule.

Kamba yenyewe ni kitu kidogo. Upande mmoja dereva huuvaa mkononi. Upande wa pili una kibanio kinachochomekwa kwenye swichi kando ya usukani. Dereva akirushwa majini, kibanio huchomoka na injini huzimika papo hapo. Fundi alimfundisha binti yake hilo kabla hajamruhusu kugusa usukani.

Jumamosi, kwenye kona kali, Kimulimuli alirushwa. Mumewe naye akarushwa. Injini haikuzimika. Boti tupu ilizunguka kwa kasi ileile, duara baada ya duara, na duara la tatu likampata.

"Wewe ndiye shahidi kwamba injini haikuzimika," Fundi alisema taratibu. "Angekuwa amefunga, ingezimika. Boti niliihudumia mwenyewe Ijumaa, kutwa nzima, peke yangu. Niliisikiliza mpaka jua likazama. Haikuwa na kasoro. Simlaumu, mwanangu. Lakini kuna wazazi wengine wana watoto wanaopenda mwendo. Acha waisome hii."

"Na mtoto wetu je?" Mkwe aliinua macho sasa. "Atakua, baba. Siku moja ataiulizia hiyo karatasi. Asome kwamba mama yake alikufa kwa uzembe, na babu yake ndiye aliyeandika?"

Fundi aliilaza kalamu juu ya fomu. Mjukuu alikuwa na miaka minne, na tangu siku ya mazishi hakukubali kulala ila kifuani kwa babu.

"Nitamweleza mwenyewe," alisema mwishowe. "Nitamweleza polepole."

Mkwe aligeuza uso akautazama ukuta uliojaa spana, kila moja kwenye msumari wake.

Mkaguzi aliingia kabla saa nne haijafika. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwapa pole, akavua kofia, kisha akaweka mezani mfuko wa plastiki ulioandikwa jina la hospitali.

"Umeniletea nini?" Fundi aliuliza.

"Chumba cha maiti walichelewa kutupatia. Ilikuwa mkononi mwake."

Ndani ya mfuko kulikuwa na kamba nyekundu iliyojikunja. Ukanda wa mkononi ulikuwa umekatwa kwa mkasi, lakini kifungo chake bado kilikuwa kimefungwa barabara. Kwenye ncha ya pili kibanio kilikuwa kizima.

Mkwe alijifunika uso kwa mkono wake mzima, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Fundi aliuangalia ukanda ule kwa muda mrefu. Kitu kilimlegea kifuani, kitu kilichofanana mno na furaha, mpaka akaona haya. Mwanawe alimsikia. Siku zote walidhani hasikii, kumbe alikuwa anasikia. Akaichukua fomu yake, akaichana vipande viwili, halafu vinne.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia mkwe. "Nilikuona mwongo, na mke wako nikamwona mzembe. Nisamehe sana."

Mkwe aliitikia kwa kichwa.

"Basi kosa ni la swichi," Fundi alisema, akisimama. "Mtu alitengeneza swichi mbovu akaiuza. Huyo tumtafute, na safari hii nitaandika bila kuchana karatasi."

"Tuijaribu kwanza," mkaguzi alisema.

Boti ilikuwa juu ya trela nyuma ya karakana, pua yake imepasuka. Fundi aliunganisha mpira wa maji kwenye injini ili isipate moto, akaenda kusimama karibu na mkwe. Mkaguzi alipanda, akachomeka kibanio cha kamba nyekundu kwenye swichi, akageuza ufunguo. Injini iliitika mara moja, ikaunguruma laini, vilevile alivyoiacha Fundi.

Mkaguzi akaivuta kamba kwa nguvu. Kibanio kikachomoka.

Injini iliendelea kuunguruma.

Mkaguzi alikichomeka tena, akavuta tena. Mambo yakawa yaleyale. Akatoa tochi, akainama kuchungulia chini ya usukani.

"Usijisumbue," Fundi alisema, na kwa kelele ya injini ilimbidi apaze sauti, hata mkwe akasikia kila neno. "Kuna waya mweusi wa swichi unaning'inia hapo. Niliuchomoa Ijumaa, injini isinizimikie nikiwa huku nyuma naisikiliza. Sikuurudisha."