Kanga ya Mke Mwenza

Bi Zuwena aliichukia ile kanga kuliko hata mwenye kuivaa. Mke mwenzake, Asumini, alipita nayo uani kila asubuhi, mtoto akinyonya kifuani, ili bibi mkubwa asiyejaliwa kuzaa asome vizuri: NUNA UPASUKE, NIMESHAPENDWA.

Siku hiyo Asumini alikwenda msibani. Alimwachia Bi Zuwena mtoto na kikombe cha maziwa aliyojikamua.

"Dada, usimpe kingine, hata maji. Mkunga kakataza."

"Kwani nitamlisha sumu?"

Lakini mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Kijiko alikisukuma kwa ulimi. Alikinusa kifua cha Bi Zuwena, akageuza uso. Pale msumarini kanga ilikuwa inaning'inia, haijafuliwa, inanukia maziwa ya mama yake.

Bi Zuwena akauma meno, akajitanda.

Mtoto akanusa, akatulia, akanywa. Maziwa mengine yakamwagika, yakailowesha kanga kifuani, palepale yanapomlowesha Asumini. Bi Zuwena hakuyafuta.

Mara akasikia ndara za Asumini zikisimama mlangoni, nyuma yake. Hakugeuka. Alimpa mgongo tu, akamwacha asome.