Kovu la Pajani

Suleiman Jumbe alikuwa amepandisha kikoi hadi nusu ya paja mbele ya mwanamke wa miaka sabini, na hakujua ayapeleke wapi macho yake.

"Acha haya zako," alisema Bi Kache, mkunga na mganga wa chale. "Mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Hilo paja nililiona kabla wewe mwenyewe hujaliona."

"Liwe la mviringo, Bi Kache, kama makovu ya wenzangu. Na liwe na sura ya zamani."

"La zamani siwezi. La mviringo utalipata."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini ya Suleiman ilikuwa imefika miaka thelathini na mitatu. Alikuwa na miaka tisa wachanjaji wa ndui walipokuja Msambweni wakawapanga watoto foleni. Yeye alikuwa wa nne. Wa kwanza alipopiga ukelele, Suleiman alikuwa yumo mikokoni tayari, na huko alikaa na kaa mpaka maji yakamfika kiunoni. Aliporudi, wenzake walikuwa wakioneshana mabega.

"Mimi wamenichanja pajani," alisema.

Nani angemkagua? Paja la Mwislamu halioneshwi barazani. Uongo ukakua naye. Akawa fundi mwashi, mtu wa kutembea juu ya kuta za hoteli mpya za Diani kama anayetembea sebuleni kwake, na kila wachanjaji walipopita alijigonga paja na kusema, "Langu liko hapa." Miaka mitatu ya uhuru ilipita akisema hivyohivyo.

Kilichomharibia ni mapenzi. Mwanasha alikuwa mjane, mshona kofia, mwenye ulimi mtamu na jicho lisilopitwa na kitu. Siku ya posa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, sauti yake ilitoka nyuma ya pazia.

"Mahari msemezane na wajomba zangu. Mimi nina swali moja tu. Marehemu mume wangu alichukuliwa na ndui, na sitaki kuzika mara ya pili. Bwana Suleiman, umechanjwa?"

"Nimechanjwa."

"Wapi?"

"Pajani."

Pazia lilitikisika kidogo. "Vyema. Basi nitaliona, inshallah."

Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Suleiman hakucheka. Harusi ilikuwa baada ya wiki tano, naye alimpenda yule mwanamke kwa dhati; kumkosa kwa ajili ya kovu asilokuwa nalo ni aibu ambayo asingeweza kumsimulia mtu. Alipokuwa akivaa viatu, Mwanasha akaongeza kwa upole kwamba bwana harusi akiwa na dhiki yoyote ya mwili kabla ya siku yenyewe, Bi Kache ni mtu wa siri. Suleiman aliiona hiyo kuwa bahati kubwa.

Na sasa Bi Kache alikuwa ametumbukiza mkono mtungini na kutoa kichupa kidogo.

"Mbona kinakaa majini?"

"Dawa hii haipendi joto. Una ukurutu?"

"Sina."

"Umri wako?"

"Arobaini na miwili. Kumbe kovu linataka umri?"

"Dawa yangu ina adabu zake, haimwingii mtu isiyemjua. Haya, geukia ukutani, wala usichungulie."

Akageuka. Alihisi tone la baridi, kisha mikwaruzo midogo ya haraka.

"Ni mwiba huo?"

"Ni mkono wangu. Tumemaliza."

Suleiman alitaka kucheka kwa raha. "Laiti wale wachanjaji wangekuwa na mkono kama wako, Bi Kache, nisingekimbia."

"Labda," alisema mzee, akifunika mtungi. "Usipakune. Patavimba, utapata homa siku mbili tatu, kisha patafanya kigaga. Kikidondoka, kichome moto."

Yote yakawa kama alivyosema. Mafundi wenzake walipomwona akichechemea, aliwaambia ni jipu, nao wakamtania kwamba hata jipu limetamani kuoa. Wiki ya tano ilipofika, kovu lilikuwa pale, la mviringo kama shilingi.

Bibi harusi aliliona. Alilitazama kwa makini, kama anavyotazama kofia aliyoimaliza kushona, akasema limekaa vyema. Suleiman akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu utotoni. Alikuwa na furaha, na zaidi ya furaha, alijiona mjanja kuliko Msambweni nzima.

Fungate ilipokwisha, asubuhi ya siku ya nane, wachanjaji wakaingia mtaani. Bwana Mwinga, mkubwa wao, alipiga hodi akiwa na daftari kwapani. Suleiman alikuwa barazani akinywa kahawa, na Mwanasha amesimama mlangoni na birika. Kwa mara ya kwanza maishani, miguu yake Suleiman haikutaka kukimbia.

"Hapa umechelewa, bwana," alisema, akajigonga paja. "Mimi nilichanjwa nikiwa mtoto."

Bwana Mwinga alilamba kidole, akafunua kurasa.

"Suleiman Jumbe," alisoma. "Miaka arobaini na miwili. Hana ukurutu. Paja la kushoto. Mchanjaji ni Bi Kache, msaidizi wetu tangu mwaka jana. Nimekuja kuangalia kama chanjo imeshika, basi."

Suleiman alifungua mdomo, kahawa ikamwagikia kikoi.

"Na aliyekuandikisha," aliendelea Bwana Mwinga, kidole kikifuata mstari, "ni Bi Mwanasha, tarehe nne ya mwezi uliopita."

Posa ilikuwa tarehe sita ya mwezi huohuo.