Pimbi na Figiri za Nungunungu

Haya sikusimuliwa, niliyaona kwa macho yangu haya mawili.

Nungunungu alipanda figiri za kuwalisha wakwe, lakini kila asubuhi alikuta majani ya chini yamechumwa. Akamnasa Pimbi, mashavu yamejaa.

"Mwizi wee! Usikanyage tena hapa!"

"Haya, bwana mkubwa. Utaniita."

Figiri zisizochumwa zikatoa maua, majani yakawa machungu. Mama mkwe alipoonja akatema.

"Hii mboga au dawa ya minyoo? Nikirudi nikute chakula, la sivyo naondoka na binti yangu!"

Nungunungu akakimbilia kwa Pimbi. "Shemeji, njoo uibe!"

"Mimi siibi, napogolea. Nipe tuta langu."

Akapewa, akachuma, majani mapya yakaota matamu, na mke akabaki.

Yote kweli tupu, isipokuwa dawa ya minyoo. Mama mkwe alitaja kitu kibaya zaidi.