Mwavuli wa Kamera

Fundi cherehani aliacha kutafuna. Alikuwa amekaa na mdogo wake kwenye benchi la bustani, wakila huku wakitazama maharusi wakipangwa kupigwa picha kwenye jua la kupasua mawe.

“Hebu ona! Kamera imeshikiwa mwavuli, bibi wa watu kaanikwa juani!”

Kweli. Pembeni alisimama bikizee, mikoba ya wapambe imemjaa mikono yote miwili kama msumari wa ukutani. Jasho lilimdondoka kidevuni, na hakuwa na mkono wa kulifutia.

“Dada, pilipili usiyoila yakuwashia nini?”

“Inaniwasha mpaka kisogoni!”

Akainuka, akakatiza kwenye nyasi, akampokonya mwavuli msaidizi wa mpiga picha. Mikoba akaibwaga chini, mwavuli akamkabidhi bikizee.

“Haya, mama. Jifunike.”

“Mungu akuzidishie, mwanangu. Roho ilikuwa inaniuma, mjukuu wangu anavyoungua.”

Bikizee akafuta kidevu, akajikongoja hadi kwa biarusi, akamfunika yeye.

“Wee bibi, toka hapo!” mpiga picha akafoka. “Unaharibu picha.”