Kilango cha Shingoni

Nyamizi alipiga magoti mlangoni kumwamkia mama mkwe wake, kama mkamwana wa Kisukuma anavyofunzwa. Bi Minza, akiwa amesimama, alimwekea mkono kichwani. Papo hapo taa za shingoni mwao zikawa nyekundu. Mtandao ulikuwa umekatika.

Siku hizi mwili hausawazishi wenyewe damu inayopanda kwenye ubongo. Kazi hiyo hufanywa na kilango kilichopandikizwa shingoni, kinachoongozwa na mtandao. Ukikatika, kilango huganda, nawe huna budi kubaki ulivyo. Aliyepiga magoti akisimama, ubongo hukosa damu. Aliyesimama akikaa au akiinama, damu humfurika kichwani.

"Inuka, mwanangu," Bi Minza alisema kwa mazoea, kisha akashtuka. "Hapana! Baki hapo hapo."

"Nawe usiiname, mama. Mtandao utarudi sasa hivi."

Jana ulirudi baada ya muda wa saa nne. Bi Minza ana miaka themanini na tatu.

"Miguu inatetemeka, Nyamizi. Nikae kidogo tu?"

"Usikae, mama! Niegemee mimi."

Kichwani mwa Nyamizi, ule mkono wa baraka ulianza kuwa mzito.