Mikongojo Nyuma ya Maabara

"Shikamoo, bibi. Goti halijambo?"

"Marahaba. Halijambo, mwanangu. Sindano yako imeniponya."

Kwenye safu ya maumivu, Dakta Shemweta akaandika mbili kwa kumi. Bi. Kidawa alikuwa wa mwisho kati ya wazee kumi na wawili waliojitolea kudungwa dawa ya magoti, dawa aliyoihangaikia miaka saba, na wote asubuhi ile walikuwa wamemjibu hivyo hivyo. Moyo ulimjaa. Kesho angewasomea wakubwa wake matokeo.

Bibi akatoka, akasahau kadi yake mezani. Shemweta akaichukua na kumfuata mbio. Alimkuta nyuma ya maabara, ameinama, mkono mmoja umeshika goti, wa pili unapapasa mkongojo aliouficha ukutani.

Bi. Kidawa akajifunika uso kwa upindo wa kanga, kama aliyefumaniwa akiiba.

"Nisamehe, baba. Unatuamkia kwa furaha, unatupa na chai. Mtu atakwambiaje dawa yako haijafaa?"

Shemweta alitaka kumwambia kwamba wa kuomba radhi ni yeye. Miezi yote hiyo alikuwa akiwajulia hali tu na kuiita utafiti. Hakuwahi kumwambia hata mmoja ainuke atembee, amwone. Badala yake akauchukua mkongojo, akamshikisha.

Kando ya bibi, mikongojo mingine kumi na mmoja ilikuwa imeegemezwa ukutani. Wenyewe walikuwa bado barazani wanakunywa chai, polepole, wakingoja daktari arudi ndani kwanza.